Kiapo cha Ndugu wa Maji

Paukwa!

— Pakawa!

Mlango?

— Wa mwenye nyumba.

Chungu?

— Cha mwenye kupika.

Na maji ya mvua?

— Ya kila mwenye koo!

Haya, hilo la mwisho mlishike, msilitupe, maana kuna mmoja alilisahau na leo nitamsema mpaka nichoke. Na wewe hapo nyuma unayetafuna muwa, tafuna polepole. Nina hasira, na mtu mwenye hasira hapendi kupigiwa kelele.

Hapo zamani nyika ilikauka. Si kukauka kule kwa watu kulalamika kidogo halafu mvua ikaja, la. Mito ilibaki mchanga, mchanga ukawa vumbi, vumbi likapanda juu likawa ndilo wingu pekee lililoonekana. Likabaki bwawa moja tu, chini ya kilima, na maji yake yangewatosha wanyama wote kama wangekunywa kwa adabu.

Ndani ya bwawa hilo alikaa Kiboko. Alikaa humo miaka yote na hakuna aliyemuuliza kitu. Lakini alipoona kila mnyama anateremka pale na kiu yake, akajisemea, "Kumbe mimi ni mkubwa!" Basi. Mtu akishajiona mkubwa, kinachofuata ni mlango. Akamwita Ngiri na ukoo wake wenye meno ya nje, wakakata miiba ya mgunga, wakazungushia bwawa zima ua, wakaacha upenyo mmoja, wakautia mlango wa magogo. Kisha akatangaza kwamba pale si bwawa tena. Pale ni Chama. Chama cha Ndugu wa Maji. Yeye ni Mheshimiwa Ndugu Mkuu, Ngiri ni Ndugu wa Mlango, na anayetaka kunywa sharti kwanza awe ndugu.

Mmesikia? Sharti awe ndugu! Mimi nilidhani undugu mtu huzaliwa nao, au huupata siku ya shida mwenzake anapomfaa. Kumbe kuna undugu wa kugongea mlango!

Sasa, juu ya kilima, ndani ya kichuguu cha zamani, aliishi Bi Nguchiro na watoto wake. Bi Nguchiro mdogo wa mwili, mrefu wa mkia, mwepesi wa kukasirika. Siku hiyo watoto wake walikuwa wamelala kivulini ndimi nje. Walikuwa wamelia jana na juzi, lakini leo hawalii tena, maana machozi nayo ni maji. Mama akimsikia mtoto wake analia huudhika. Akiona hawezi hata kulia, huogopa. Bi Nguchiro aliogopa, akateremka kilima mbio, tipu tipu tipu, mpaka mlangoni.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi jamani wenyewe!"

Pua ya Ngiri ikatokeza juu ya magogo. "Hapa hatupigi hodi," akasema. "Hapa tunagonga."

"Nigonge vipi na wewe umeshanitolea pua?"

"Gonga."

Bi Nguchiro akagonga. Ngo, ngo, ngo.

"Nani?" akauliza Ngiri, na huku anamtazama usoni.

"Bi Nguchiro wa kichuguuni."

"Hatumjui."

Jamani! Miaka yote wamepishana njia moja, leo hamjui! Bi Nguchiro akaimeza hasira, maana mwenye shida hachagui mlango. Akasema, "Bwana Ngiri, watoto wangu wanakufa kwa kiu. Nipatie jani moja la maji, moja tu, nami sitakusumbua tena."

"Maji ni ya ndugu."

"Basi nifanyeje niwe ndugu?"

"Hilo haliulizwi."

"Lisipoulizwa litajulikanaje?"

"Ndugu ndiye anayejua."

"Na huyo ndugu alijuaje kabla hajawa ndugu?"

Ngiri akafikiri. Kufikiri kukamuuma. Akaufunga mlango, pwaa!

Bi Nguchiro akazunguka ua akachungulia kwenye miiba. Akamwona Ndugu Mkuu amejilaza katikati ya maji, tumbo juu. Anakunywa kidogo, anaoga sana. Anakunywa kidogo, anaoga sana. Kisha akajaza kinywa na kuyarusha juu kwa mchezo, pfuuu! Yakaanguka kwenye miiba, yakakauka. Maji yale ya mchezo yangetosha kichuguu kizima. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, tunasema hivyo siku zote, lakini huyu alimjua vizuri sana. Kiu ya wenzake ndiyo iliyomfanya Mheshimiwa.

Bi Nguchiro akashika njia ya kurudi. Njiani akamkuta Kanga, amesimama juu ya jiwe, mguu mmoja umekanyaga panzi. Kanga alikuwa somo wake, rafiki wa tangu usichana, naye wiki zile alikuwa amekwisha kuingia chamani. Lakini alikonda! Manyoya yanamning'inia kama nguo ya kuazima.

"Somo, mbona hivyo?" akasema Bi Nguchiro. "Wewe si ndugu? Si unakunywa?"

"Kekeke, nakunywa zamu yangu ikifika."

"Inafika lini?"

"Ndugu mdogo hunywa baada ya ndugu mkubwa, na ndugu mkubwa bado hajamaliza."

"Humaliza saa ngapi?"

Kanga akatazama chini. "Hajawahi kumaliza, somo. Mimi nalamba tope la pembeni."

Bi Nguchiro akapandwa na mori. Akataka kujua huyo mtu anayeingia anaingiaje. Kanga akasema ni siri, ameapa. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema tena kwamba ni siri kubwa. Kisha akaisema yote, kekeke kekeke, maana siri ikikaa kwenye koo la kanga inamwasha.

"Mgeni haingii mwenyewe. Sharti ashikwe mkono na aliyemo. Akifika mlangoni anafungwa macho kwa jani la mnyonyo. Wanamzungusha mpaka hajui bwawa liko upande gani. Halafu Ndugu Mkuu anasema maneno, na mgeni anayasema vile vile. Yeye anasema, mgeni anasema. Yeye anasema, mgeni anasema. Ukifunguliwa macho, wewe ni ndugu."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo mimi nilirudi nyumbani nikakuta Ngiri amekwisha kula mtama wangu wote. Nikalia. Akaniambia, 'Unalia nini nawe umeapa?' Na kweli niliapa, somo. Na mwisho wa kiapo kuna laana, ukivunja neno maji yanakukaba kooni. Ningefanyaje?"

"Uliapa nini?"

Kanga akasimama wima, akafumba macho kama siku ile. "Changu ni chako," akasema.

Bi Nguchiro akanyoosha mkono, akachukua panzi.

"Hee! Panzi wangu!"

"Si umesema changu ni chako?"

"Nilikuwa nasimulia tu!"

"Umesimulia, lakini umesema. Nimesikia kwa masikio yangu haya."

Ghafla wazo likamjia. Mkia wake ukasimama kama mchi. Akalitazama lile bwawa kule chini, akamtazama Kanga, akacheka kicheko kimoja kifupi kisicho na furaha hata kidogo. Kisha akamrudishia panzi wake, maana ana adabu.

"Somo," akasema, "kesho nishike mkono. Nataka kuwa ndugu."

Akaenda kwa Swala, akaenda kwa Kobe, akaenda kwa Digidigi na Nungunungu, wote wamejikunja na kiu zao. Akamwambia kila mmoja wao maneno yale yale. "Kesho jua likipanda, njooni mkae nje ya ua wa miiba. Msiguse mwiba, msiseme neno. Sikilizeni tu. Mtakapokisikia kilicho chenu, mtakijua."

Kulipokucha, Kanga akamshika mkono wakashuka. Bi Nguchiro hakupiga hodi. Ngo, ngo, ngo.

"Nani?"

"Eti?" akasema Bi Nguchiro.

"Nimesema nani!"

"Mna nini?"

Kanga, ambaye alikwisha kufundishwa, akadakia, "Msamehe, Ndugu wa Mlango. Vumbi la ukame limemziba masikio. Lakini ana kichuguu kizuri, kina mayai ndani, na kumbikumbi."

Ngiri aliposikia mayai na kumbikumbi akajilamba mpaka machoni. Mlango ukafunguka wenyewe! Jana hajulikani, leo ana kichuguu, anajulikana. Wakamfunga macho kwa jani la mnyonyo. Wakamzungusha, zungu zungu zungu. Akina Ngiri wakapiga miguu chini na kuimba:

"Ndugu ni kufaana!" Tii!

"Si kufanana!" Tii!

"Ndugu ni kufaana!" Tii! Tii! Tii!

Methali ya wazee wetu, hiyo! Wameikuta njiani wakaivisha kofia ya chama. Bi Nguchiro alizungushwa, anawaza wale wadogo wanaohema kule kivulini. Akikosea leo, hana kesho ya kurudi. Akasikia maji yanatikisika, akajua Kiboko anajiweka sawa.

"Sema ninavyosema!" akanguruma Kiboko.

"Sema ninavyosema," akasema Bi Nguchiro.

"Hilo usiseme!"

"Hilo usiseme."

"Ngiri! Huyu vipi?"

"Masikio, Mheshimiwa. Lakini ana kumbikumbi."

Kiboko akashusha pumzi, pfuu. Akaanza upya. "Changu ni chako."

"Eti?"

"Changu ni chako!"

"Chungu ni chako?"

"Si chungu! CHANGU!"

"Changu si samaki, Mheshimiwa? Mimi samaki sijawahi kumwonja."

"CHANGU NI CHAKO!"

Sauti ikapita juu ya ua, ikagonga kilima, ikarudi. Huko nje Kobe akatoa kichwa. Swala akainua sikio moja.

"Mheshimiwa, nisamehe mimi mjinga," akasema Bi Nguchiro kwa sauti ya kunyenyekea, sauti ambayo ilimkera hata yeye mwenyewe. "Niambie kwa mfano. Changu ndiyo nini?"

Na mkubwa, watoto wangu, hakuna anachopenda kama kumfundisha mjinga mbele ya watu. Kiboko akapanda nusu mwili nje ya maji ili aonekane vizuri.

"Changu ni kitu changu! Tuseme bwawa. Bwawa langu ni lako! Umeelewa?"

"Eti nini?"

"BWAWA LANGU NI LAKO! MAJI YANGU NI YAKO!"

"Langu mimi peke yangu, au letu na wenzangu?"

"LENU! LENU NYOTE! Mradi useme!"

"Na ile ya mwisho, Mheshimiwa, ya maji na koo?"

"NIKIVUNJA NENO HILI, MAJI YANIKABE KOONI!"

"Hapo," akasema Bi Nguchiro, "nimesikia."

Akalivua lile jani la mnyonyo machoni, akalikunja vizuri, akaliweka chini.

"Mbona husemi?" akauliza Kiboko.

"Niseme nini tena? Umeshasema wewe."

Nje ya ua ukapita mnong'ono, shwaaa. Juu ya miiba ikatokeza pembe ya Swala, halafu macho ya Swala. Kiboko akatazama huku, akatazama kule. Pole pole neno likamfikia, maana lilikuwa na safari ndefu mpaka kwenye akili yake.

"Mimi nilikuwa nafundisha tu!" akapiga kelele.

"Basi na mimi nilikuwa najifunza tu," akasema Bi Nguchiro. Hapo sauti ya unyenyekevu ilikwisha. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akamnyooshea Kiboko kidole. "Na Kanga naye alikuwa anajifunza tu. Alisema vile vile ulivyosema, neno kwa neno, wewe kwanza, yeye baadaye. Yeye akaliwa mtama mpaka punje ya mwisho. Wewe umelala kwenye maji unatemea miiba! Kiapo gani hicho, cha kumfunga mdogo na kumpita mkubwa? Kama maneno ya hapa hayafungi, Ngiri amrudishie Kanga mtama wake leo hii. Kama yanafunga, fungua mlango. Chagua!"

Mambo hayo! Kiboko akamgeukia Ngiri. "Ndugu wa Mlango, waambie. Maneno yale ni mchezo tu, sivyo?"

Ngiri akawaza mtama. Ulikwisha kuliwa zamani, na pale aliposimama hakuwa na wa kuulipa. Kufikiri kukamuuma tena, lakini safari hii alifika mwisho.

"Mheshimiwa," akasema, "kiapo ni kiapo."

"Ngiri!"

"Sisi sote tumesikia. Ndugu ni kufaana."

Kiboko akafura. Akavuta maji kinywani, kwa hasira, ili amtemee Bi Nguchiro usoni, na hapo hapo akataka pia kutukana. Kutemea na kutukana kwa pamoja, nani aliwahi kuviweza? Maji yakapita njia isiyo yake. Akapaliwa.

Kohoo! Kohoo! Kohoo! Macho yakamtoka, masikio yakapiga, bwawa zima likachafuka.

"Maji yamemkaba!" akalia Kanga, kekeke kekeke. "Amevunja neno! Maji yamemkaba!"

Akina Ngiri waliposikia hivyo wakakimbilia mlangoni kuokoa makoo yao. Waliugonga mlango kwa vichwa, kutoka ndani, wote kwa mkupuo mmoja, magogo yakaanguka, paaa! Ukawa wazi. Wanyama wakaingia. Hakuna aliyegonga, hakuna aliyezungushwa, hakuna aliyeulizwa jina. Gubi gubi gubi, walikunywa. Kobe aliingia wa mwisho, na bado maji yalikuwepo. Mnaona? Yalikuwepo!

Bi Nguchiro hakunywa. Alitumbukiza mkia wake mrefu majini, akauloweka mpaka ukawa mzito, akageuka, akapanda kilima anakimbia, tipu tipu tipu, anaubeba mkia juu usiguse vumbi. Akafika kivulini. Akaupitisha mkia kwenye kinywa cha huyu, akaupitisha kwenye kinywa cha yule. Wakanyonya. Mdogo kuliko wote hakunyonya. Mama akamkamulia tone kwenye ulimi, akamkamulia jingine. Akangoja, roho juu.

Mtoto akalia.

Akalia kwa nguvu, kwa machozi kabisa, mashavu yakalowa. Na Bi Nguchiro, ambaye siku zote akisikia kilio huudhika, aliketi kwenye vumbi akamwacha alie anavyotaka.

Na Kiboko? Kiboko yumo bwawani mpaka leo, hakufukuzwa, maana wadogo hawana tabia ya kufunga milango. Lakini ana hofu. Mchana mtamwona amezama, ametoa masikio tu, anayatikisa, anasikiliza kama kuna anayesema "eti". Mara nyingine neno linamjia. Anafungua domo lile kubwa, haaaa, anataka kusema. Halafu anakumbuka, analifunga.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Haikugonga, imepita. Aliyeipenda aibebe kwenye mkia, aliyeichukia na apaliwe.

Ila msiondoke bila mafunzo, nisije nikaambiwa nimewaharibia watoto. Sikilizeni vizuri. Mkitaka kuingia chama cha wakubwa, nendeni na masikio safi. Waheshimuni wenye milango. Mkubwa akisema neno, lisikieni mara moja, lisemeni kama alivyolisema, wala msimchoshe kwa kumrudisha nyuma mbele za watu. Huko kuuliza uliza ni utovu wa adabu, na hakujawahi kumfaa mtu yeyote. Mmenisikia?

— Eti nini, bibi?